Nyimbo Tano Kutoka Kabatini Mwangu

Mjukuu wangu alipokuja kuniomba kabati, nilidhani anatafuta mahali pa kuweka nguo. Nikamwambia achukue rafu ya chini, maana ya juu ina mashuka yangu mazuri. Akacheka hadi akajishika mbavu.

"Bibi, sitaki rafu. Nataka kabati zima. Nataka kuingia ndani yake."

"Kuingia kufanya nini, mwanangu? Unamkimbia nani?"

"Naingia kuimba."

Nikamtazama. Macho yanang'aa, miguu haitulii, kama mtoto aliyeambiwa kesho kuna safari. Nikajua hapa hapana mzaha.

Kwa asiyemfahamu, huyu tunamwita Chiriku. Jina nilimpa mimi, kwa sababu alianza kusema kabla hajasimama dede, na alipoanza hakunyamaza tena. Ni mtoto wa binti yangu wa pili. Mama yake alipopata kazi mbali aliniachia mimi, na nasema bila kujisifu, nilimlea akaleleka. Akiosha vyombo anaimba, akifua anaimba, akikaripiwa anajibu kwa wimbo. Shuleni mwalimu wa kwaya alimsimamisha mstari wa mbele, katikati kabisa. Naiona hata sasa sketi yake ya siku ile, niliyoibana kiunoni kwa pini kwa sababu ilikuwa ya binamu yake mnene.

Basi ile ndiyo ikawa mara ya mwisho kusimamishwa mbele. Alipokuwa mtu mzima akawa mwitikiaji kwenye bendi za watu. Mwitikiaji ni yule anayesimama nyuma ya mwimbaji mwenye jina, akaitikia "oo" na "ee", na kumalizia mstari mwenzake anapokata pumzi. Miaka mingi kafanya hivyo. Siku moja bendi ikaonyeshwa kwenye televisheni. Nikaita mtaa mzima. Sebule ikajaa, wengine wakachungulia dirishani. Tukatazama mpaka mwisho, na katika onyesho zima tulichoona cha Chiriku ni kiwiko. Kiwiko cha kushoto. Jirani yetu, fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa utani usio na likizo, tangu siku ile akipita mlangoni ananisalimu: "Bibi, hujambo? Na kiwiko hakijambo?"

Nilicheka na wenzangu, lakini moyoni iliniuma. Sikulea kiwiko mimi.

Kwa hiyo aliposema anataka kutoa nyimbo tano zake mwenyewe, alizozitunga mwenyewe, na mbele asimame yeye, sikuuliza mara mbili. Nilitoa mashuka, nikatoa magauni, nikatoa na koti la marehemu babu yake. Nguo zikahamia kwenye viti vya sebuleni, na kwa muda wote ule mgeni akija alikaa na magauni yangu bega kwa bega.

Kabati lenyewe ni la mbao ngumu, la zamani, milango miwili, watu wanne hulisogeza kwa kuomba Mungu. Chiriku akazungushia mablanketi ndani, akafunga kigodoro cha mtoto kwenye mlango, akaning'iniza kipaza sauti alichonunua kwa mtu, kwenye ule ule mti wa kutundikia nguo. Akaja kuniomba soksi yangu ndefu ya nailoni. Nikampa, nikidhani miguu inapata baridi. Akaivuta juu ya duara la waya, akaisimamisha mbele ya kipaza sauti, ili pumzi yake isipige "pu" akitamka maneno. Nikasema, haya, soksi yangu nayo imekuwa msanii.

Alikuwa akiimba asubuhi tu, watoto wa mtaani wakishaenda shule na fundi wa mageti kabla hajawasha mashine yake. Mchana anakwenda zamu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kuuza misumari, mabomba na kuchanganya rangi. Akitoka kabatini amelowa jasho kama aliyetoka kisimani, mimi namngoja na taulo na maji ya kunywa.

"Sasa bendi yako iko wapi?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Iko kwenye simu, Bibi."

Nikadhani ananichezea. Lakini kweli, bendi ilikuwa kwenye simu. Hajapata kukutana nao hata mmoja ana kwa ana. Walijuana kwa kupeana nyimbo mtandaoni, mmoja akimsifia mwenzake hadi wakawa ndugu. Mpiga gitaa ni kijana anayeishi nchi ya baridi, kila akionekana kwenye simu amevaa jaketi, basi mimi nikamwita Jaketi na jina likamkaa. Mpiga ngoma ni mzee wa rika langu, yuko mji wa mbali sana na sisi, mlinzi wa shule, na hupiga ngoma zake kwenye ukumbi wa shule wanafunzi wakiondoka. Tunamwita Mzee tu. Zamani alipigia bendi kubwa, na mkono haujasahau. Wa tatu ni mama mmoja anayechanganya sauti zote ziwe wimbo mmoja. Huyo ana ulimi! Kazi yake ni kukata na kuunga, na maneno yake yanakata vilevile, ndiyo maana wenzake humwita Mama Mkasi.

Utaratibu wao ulikuwa huu. Chiriku anaimba, anatuma. Mzee anaweka ngoma juu yake, anatuma. Jaketi anaweka gitaa, anatuma. Mwisho vyote vinakwenda kwa Mama Mkasi. Wimbo wa kwanza uliporudi umekamilika, Chiriku alinivalisha vile vya kusikilizia, vya masikioni, na mimi, kwa magoti haya haya, nilicheza kutoka jikoni mpaka mlango wa mbele. Wa pili ukaja, wa tatu, wa nne. Nyumba ikawa na furaha kama nyumba ya harusi. Hata fundi wa mageti akaanza kuchungulia.

"Bibi, humo kabatini mmefuga nini?"

"Nimefuga mwimbaji. Wewe umefuga kelele."

"Ngoma ikivuma sana hupasuka, Bibi."

"Na mdomo je?"

Mtangazaji mmoja wa redio, mwenye kipindi cha muziki mpya Ijumaa alasiri, akasikia wimbo mmoja mtandaoni, akampigia Chiriku mwenyewe. Akamwambia: nimekupa nafasi ya kufungua kipindi, lakini nataka ule wimbo wa tano uliosema ndio mama wa kazi nzima. Unifikie Alhamisi jioni. Usipofika nampa mwingine, watu wamepanga foleni. Chiriku aliweka simu chini, akapiga yowe, sufuria zikajibu. Kusikika mbele ya nchi nzima, jina lake, si kiwiko chake, na yote kuning'inia kwenye wimbo mmoja!

Wimbo wenyewe unaitwa "Sogeeni Kidogo". Ni mwanamke anawaambia waliosimama mbele yake wampishe. Sasa hapo ndipo tulipoharibikiwa, na nitaeleza taratibu.

Mara ya kwanza Chiriku aliuimba usiku, kinyume na kawaida yake, polepole, kwa sauti ya chini, maana alikuwa ametoka kuhesabu bidhaa dukani na amechoka. Akautuma kwa kundi. Asubuhi yake akaamka na nguvu, akaona ule wa jana unasinzia, akaingia kabatini akauimba mbio mbio. Akautuma na huo, akaandika "tumieni huu". Jaketi akatumia huo. Lakini Mzee alikuwa ameshachukua ule wa kwanza, ameshaingia nao ukumbini, ameshapiga ngoma zake tamu za mwendo wa taratibu, akazituma kwa fahari.

Jaketi alisikia kwamba haviendi pamoja. Akajiambia, huyu ni mzee, alipiga na bendi kubwa, nani mimi wa kumkosoa? Akalivuta gitaa lake, hapa alibane, pale aliharakishe, akaandika: "Mzee, safi sana!" Mzee naye akasikia gitaa na sauti vinamkimbia. Akajiambia, vijana wa leo ndio mtindo wao huo, nisije nikaonekana nimepitwa na wakati. Akaandika: "Heko, wanangu." Chiriku akasikia, akaona kasoro ni sauti yake, watu wazima wote hawa wamesifu, atasemaje? Akaandika: "Asanteni sana, mmenitendea makuu." Na mimi nilivalishwa vile vya masikioni, nikasikia kitu kinachechemea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja, nikadhani ndiyo sanaa ya siku hizi, nikapiga makofi.

Adabu ilitutosha sote, ikabaki na ya akiba.

Jumatano asubuhi tunakunywa chai, simu ikalia. Mama Mkasi. Chiriku akaiweka tuisikie wote.

"Dada, hujambo? Poleni na msiba."

"Msiba gani, mama?"

"Si mmefiwa? Ngoma inakwenda mazikoni, gitaa linakimbilia basi, na wewe katikati hujui umfuate nani. Huu ni wimbo au ni ndoa iliyovunjika?"

Chiriku akaweka kikombe chini. Mama Mkasi akaeleza yote, huyu kafuata hiki, yule kafuata kile. Kisha akasema, kwa upole kidogo, "Usilie. Mzee arudie ngoma kwa huu wa haraka, kesho mchana uwe kwangu, jioni uko redioni."

"Hawezi," Chiriku akasema. "Shuleni kwake mitihani imeanza. Hakuna kelele mpaka wiki ijayo. Aliniambia mwenyewe."

"Basi naweka ngoma ya mashine. Kabla chai yako haijapoa nimemaliza. Mzee atabaki kwenye zile nne nyingine."

Namjua Chiriku wangu. Akinyamaza yeye, kuna jambo. Akamwomba Mama Mkasi muda kidogo, akakata simu.

"Bibi, nafasi hii sitaipata tena."

"Najua."

"Lakini wimbo unasema nipisheni, halafu mimi nimtoe mzee wa watu? Nimrudishe nyuma na mimi nimetoka huko huko?"

"Umeshazungumza naye?"

"Nitamwambiaje mzee mzima kwamba amekosea?"

"Kakosea nini? Ulimtuma akaenda. Mpigie."

Alizunguka meza kwanza, akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi, ndipo akampigia. Akaanza na salamu, akauliza habari za nyumbani, za afya, za mke, za wajukuu, hadi mzee wa watu mwenyewe akachoka.

"Mjukuu wangu, hizi salamu zina mzigo. Utue."

Akautua. Upande wa pili nikasikia kicheko kirefu, cha kifuani.

"Nilijua! Nilimwambia mke wangu, ama nimezeeka au hawa watoto wanapiga wimbo mwingine. Sasa?"

"Sasa sikutoi, Mzee. Nitauimba upya, polepole, juu ya ngoma yako. Wimbo utakufuata wewe."

"Na redio?"

"Tutawahi."

Kwa mara ya kwanza nilimsikia anatoa amri badala ya kuitikia. Akampigia Jaketi, akamwambia arudie gitaa. Jaketi akasema yuko kazini ila kesho ana nafasi, na akaomba radhi mara nyingi kuliko kosa lenyewe. Mama Mkasi akakubali kwa sharti moja.

"Kesho mnakuwa wote kwenye simu. Na atakayesema 'safi sana' namtoa kundini."

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa fundi wa mageti kabla hajanywa chai. Alikuwa ameweka geti kubwa juu ya mawe, tayari kulikata.

"Jirani, leo nakuomba kimya."

"Bibi, geti hili mwenyewe analitaka leo."

"Huna kazi isiyo na kelele?"

Akajikuna kidevu. "Kuna lile jingine la kupaka rangi."

"Paka."

"Na kiwiko kikitoka redioni?"

"Kikitoka, utakisalimu kwa jina lake kamili."

Akacheka, akachukua brashi.

Kumbe kuimba pamoja kwa simu haiwezekani. Sauti inachelewa njiani, wewe huku unasema "ee" na mwenzako kule keshafika "oo". Kwa hiyo Chiriku alikuwa anaingia kabatini na ngoma ya Mzee masikioni, anaimba, anatoka, anatuma, wenzake wanasikiliza, kisha wanasema. Mimi nilishika simu. Mkono uliniuma lakini nisingempa mtu mwingine.

Wa kwanza kusema ukweli alikuwa Jaketi, na ulimtoka kama jino.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Sema."

"Kwenye kiitikio cha pili... mkono wako umelala kidogo."

Nikafumba macho. Kwangu mimi kijana hamwambii mzee hivyo. Mzee akairudia sehemu hiyo, akaisikiliza mwenyewe.

"Umelala kweli. Nilikuwa nafukuza mbu."

Wote wakaangua kicheko. "Mama," akaendelea, "wewe si una mkasi? Chukua mkono wa kiitikio cha kwanza, shona hapo. Na wewe Jaketi, gitaa lako leo lisitetemeke, lifunike blanketi."

Ukweli ukafunguka kama bomba. Jaketi akaambiwa anapamba mno. Mzee akamwambia Mama Mkasi kwamba wimbo wa tatu aliupunguza mwisho wake vibaya, naye akakubali, si rahisi lakini akakubali. Kisha zamu ya Chiriku ikafika.

"Mjukuu," Mzee akasema, "maneno yako yanawaambia watu wasogee. Sauti yako inawaomba radhi."

"Na unarudi nyuma," Mama Mkasi akaongeza. "Kila mwisho wa mstari unakiacha kipaza sauti, kama kuna mwenzako anakuja kumalizia. Nani anakuja?"

Chiriku alisimama kwenye mlango wa kabati, taulo shingoni. Nilitaka kumtetea, neno likanijia mpaka kwenye meno, nikalimeza. Kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeona alama ya jasho lake kwenye blanketi la nyuma kabisa. Anaimba amejibana ukutani, humo humo ndani ya kabati la mtu mmoja, anampisha mtu asiyekuwepo.

Akaingia. Akafunga mlango. Mimi nikaweka sikio kwenye mbao.

Akaimba. Polepole, kwa kufuata ngoma, sauti chini, na safari hii mdomo karibu unagusa soksi. Ule wimbo niliousikia ukichechemea, sasa ulikuwa unatembea kama mama mwenye nyumba anayekagua vyumba vyake. "Sogeeni kidogo," haombi tena. Anasema mara moja, anangoja, na wewe mwenyewe unajikuta unasogea. Mwisho wa mstari aliushika mpaka ukaisha wenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama, nikajikuta nimesogea hadi sebuleni, nimekaa juu ya magauni yangu.

Alipotuma, wakausikiliza mpaka mwisho.

"Mama Mkasi," Jaketi akauliza polepole, "naruhusiwa kusema safi?"

"Sema. Mara moja tu."

"Safi!"

"Mimi nasema mara mbili," Mzee akasema, "mnitoe kundini."

Chiriku alikwenda zamu huku anaruka vidimbwi kama mwanafunzi. Jaketi alipiga gitaa lake mchana ule, mara hii kwa kujizuia, Mama Mkasi akakata na kuunga, na jua halijazama wimbo ukawa kwa mtangazaji. Akajibu neno moja: "Nimeupata." Usiku nilishindwa kula vizuri, si kwa ugonjwa, kwa furaha tu.

Ijumaa hakupewa ruhusa dukani, kwa hiyo mimi ndiye niliyekwenda. Nilivaa gauni la bluu, la kwenye kiti cha mlangoni. Fundi wa mageti akanifuata, mikono ina rangi. Tulikuta tajiri wa duka ameinua redio juu ya makopo, ameifungua mpaka mwisho, na wateja wamepanga foleni hawajui kinachongojwa.

Mtangazaji akakohoa. Akataja jina la mjukuu wangu, lote, la kwake na la baba yake, akalitaja kwanza kabla ya neno jingine lolote. Kisha kama alivyoombwa akamtaja Mzee kwenye ngoma, Jaketi kwenye gitaa, na Mama Mkasi kwenye kuchanganya. Ngoma ikaanza.

Nilimtazama Chiriku. Alikuwa nyuma ya kaunta, anamchanganyia mteja rangi ya kijani, fimbo mkononi, mikono imechafuka hadi kwenye viwiko. Hakuacha kukoroga. Alikuwa anakoroga kwa mwendo wa ngoma, machozi yanamtiririka, na anacheka.

"Dada, hiyo rangi si imetosha?" mteja akasema. "Na huyu anayeimba ni nani?"

"Mimi."

"Nani?"

"Mimi hapa."

Mteja akamtazama yeye, akaitazama redio, akamtazama tena. Fundi wa mageti akampiga bega. "Bwana, usibishane naye. Sogea tu."

Simu ya Chiriku ikaanza kulia, na yeye hana kidole kisafi. Akanisukumia kwa kiwiko. Nikaipokea. Sauti zilikuwa tatu kwa pamoja, Mzee anacheka, Jaketi anapiga mluzi, Mama Mkasi anasema sauti ya gitaa imetoka juu kidogo lakini haidhuru. Wote wanamtaka msanii.

"Yupo," nikawaambia kwa sauti ya kusikika duka zima. "Lakini ngojeni kidogo, ana mteja."